Simu ya Bima ni Mlango wa Hospitali

Bima ni ahadi. Mtu hutoa fedha siku ya afya ili apate matibabu siku ya maradhi, na apokeaye fedha hizo hujifunga kwamba siku hiyo ikifika hatageuza uso. Wahenga walisema ahadi ni deni. Na deni la namna hii ni zito kupita mengi, kwa kuwa mdai hulidai akiwa kitandani. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba katika nchi yetu ya Kenya deni hili laweza kukosa kulipwa pasipo mtu yeyote kukataa kulilipa. Lakosa kulipwa kwa sababu simu haikujibiwa, au ilijibiwa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kutenda neno.

Wengi hulihesabu jambo hili kuwa dogo. Hulinganisha simu iliyochelewa na dawa iliyokosekana, wakaona kuwa dawa ndiyo ya kupigiwa kelele. Mimi nashikilia kwamba simu ya msaada ya bima ya umma ni sehemu ya matibabu, na kwamba mwenye kuiacha ilegee humnyima mgonjwa matibabu, hata kama hospitali imejaa dawa na madaktari.

Bima ya hospitali si jambo geni kwetu. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana kwa herufi NHIF, iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1998 ikafanywa shirika la umma kwa sheria mpya. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilishika kazi mahali pa hazina ile ya zamani. Kwa sheria hii kila mkazi wa Kenya hupaswa kujiandikisha. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, kisha hutajiwa kiasi chake, ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Na kanuni humtaka atangulize mchango wa mwaka mzima.

Sasa angalia jinsi mambo haya yanavyotendeka. Mtu hujiandikisha kwa kubonyeza *147# katika simu yake. Hulipa kwa simu. Huarifiwa kwa simu kwamba malipo yamepokewa. Aweza kuwa mwanachama wa bima maisha yake yote asiione ofisi yake hata siku moja. Hili ni jambo jema, wala sisemi turudi nyuma. Kutoka Lokichoggio hadi Lodwar ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na hakuna haki katika kumwamuru mfugaji aende safari hiyo kwa ajili ya kuandikisha jina. Lakini hapana budi tukubali maana ya mabadiliko haya. Ofisi ya bima imehamia ndani ya simu. Na ikiwa ofisi imo ndani ya simu, lazima mle ndani awemo mtu.

Tuseme yuko mama mmoja mchuuzi wa samaki katika Kaunti ya Kilifi. Amejiandikisha, ameandikisha na watoto wake, naye amelipa mchango wa mwaka kwa fedha alizoziweka kidogo kidogo. Siku moja mwanawe wa miaka tisa aanguka kutoka juu ya mwembe, mkono wavunjika. Apelekwa hospitali, daktari atazama picha ya mfupa, asema mkono huu hautaunga vema bila ya kupasuliwa. Mama aenda dirishani kwa karani. Karani abonyeza mtambo wake, kisha asema, "Mama, wewe unaonekana, lakini mtoto haonekani chini ya jina lako. Piga simu ya bima wakurekebishie."

Mama apiga. Sauti ya mashine yamkaribisha kwa Kiingereza, yamwambia abonyeze moja kwa jambo hili, mbili kwa jambo lile. Muziki wapigwa. Robo saa yapita, na simu yakatika. Apiga tena. Mara hii apokewa na kijana mwenye adabu njema, ambaye asikiliza habari yote, kisha asema, "Pole mama. Nimelipeleka jambo lako katika idara inayohusika." Idara gani? Hajaambiwa. Atajibiwa lini? Hajaambiwa. Kesho yake apiga tena, apokewa na mwingine asiyejua habari yoyote, na hadithi yaanza upya tangu juu ya mwembe. Siku ya tatu mtoto angali amefungwa gango, mkono umevimba. Mama auza jokofu lake la samaki, alipa fedha taslimu, na mwanawe apasuliwa. Baada ya wiki mbili yagunduliwa kwamba katika nambari ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto tarakimu moja ilikosewa. Marekebisho yachukua dakika tano.

Mfano huu nimeutunga mimi, lakini sidhani kwamba utamwona mama huyu kuwa mgeni. Nakuomba uutafakari kwa haki, kwa maana hamna mwovu ndani yake. Daktari alikuwako, karani alisema kweli, kijana wa simu alikuwa mpole, na mama alilipa kila senti aliyodaiwa. Hata hivyo bima haikufanya kazi yake, na biashara ya mama imekufa. Tukiuliza nani mkosaji, kila mmoja ataonyesha mikono safi. Kosa limo katika namna kazi ilivyopangwa, na mpango mbaya huumiza watu bila ya kuonekana ukiwapiga.

Yatupasa pia tuulize sheria yasemaje. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 47 husema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa na maofisa wa umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya haki. Kwa hiyo mama yule hakuwa ombaomba mlangoni mwa tajiri. Alikuwa mwenye haki, na robo saa ya muziki si jibu la haki.

Basi ni mambo gani yanayotakiwa? Sipendi kulalamika pasipo kusema dawa, nami nitayataja.

Kwanza, simu hiyo iwe ya bure kwa kila mtandao, nayo ijibiwe mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Ajali haingoji ofisi ifunguliwe, wala utungu wa kuzaa hautazami saa. Mtu aliyekwisha kulipa mchango hafai kununua muda wa maongezi ili auulizie mchango huo huo. Na aliyeko mahali ambapo mawimbi ya simu hukatika, aweze kutuma ujumbe mfupi, kisha apigiwe yeye.

Pili, lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Neno la kwanza litokalo katika simu ya umma liwe la Kiswahili, na sanifu chepesi, lisilojaa maneno ya mawakili. Na kwa kuwa maumivu humrudisha mtu katika lugha ya mama yake, wawepo wapokea simu wanaojua Kisomali, Kiturkana, Kidholuo, Kikamba na lugha nyinginezo zetu. Kiziwi naye asisahauliwe. Yeye hana haja ya sauti, ana haja ya maandishi na ya mtu ajuaye lugha ya ishara.

Tatu, kila jambo lipewe nambari, mwenyewe na muda. Nambari, ili mama akipiga kesho asianze tena hadithi juu ya mwembe. Mwenyewe, yaani mtu mmoja ambaye jina lake liko juu ya jambo hilo mpaka liishe. Muda, yaani aambiwe saa ya kupata jibu; na saa hiyo ikifika, ofisi impigie mama, badala ya mama kuipigia ofisi. Mzigo wa kukumbuka uwekwe juu ya mabega ya wanaolipwa mshahara kwa kukumbuka.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, mpokea simu apewe uwezo wa kutengeneza. Mtu anayeweza kusema pole tu, asiweze kusahihisha tarakimu moja, ni kasuku aliyevishwa sare. Umma humlipa asikilize, kisha humnyima njia ya kusaidia, naye hushinda kutwa nzima akipokea hasira za watu kwa makosa asiyoyatenda wala asiyoweza kuyaondoa. Hiyo ni dhuluma kwake na kwa mgonjwa. Makosa madogo ya jina, ya tarehe na ya nambari ayasahihishe pale pale. Makubwa zaidi ayapeleke kwa mkubwa aliyeketi karibu naye, wakati mgonjwa angali katika simu.

Watu wa tahadhari watapinga neno hili. Watasema kwamba uwezo huo utafungua mlango wa wizi. Kwamba wajanja watapiga simu wakaandikisha watoto wasio wao. Hoja hii ina uzito, nami siidharau, maana fedha za bima ni za wote, na mwizi wa bima huwaibia wagonjwa. Lakini dawa yake ipo. Kila badiliko liandikwe pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Mpigaji aulizwe maswali ya kumtambulisha, na siri zake zilindwe kama inavyoagiza Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Na jambo lenye shaka lipewe ruhusa ya muda: mtoto atibiwe leo, vyeti vikaguliwe wiki hii, na aliyedanganya ashtakiwe. Hatuwezi kuwafungia mlango waaminifu elfu kwa kumwogopa mwongo mmoja.

Wengine watasema hakuna fedha za kuajiri wapokea simu wengi. Hawa nitawajibu kwa hesabu, nawe uichukue kalamu yako. Mwaka 1909 mtaalamu wa hesabu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha maandishi juu ya jinsi simu zinavyofika, na mwaka 1917 alitoa kanuni za kukadiria muda wa kungoja. Tuseme simu 200 huingia kwa saa moja, na kila moja huchukua dakika 6. Hizo ni dakika 1,200 za kazi, yaani kazi ya watu 20 wasiopumzika. Ukiweka watu 20 kamili, foleni itazidi kurefuka, kwa sababu simu hazifiki kwa mpangilio. Huja nyingi kwa pamoja, kisha hupungua. Ukiweka watu 21, karibu robo tatu ya wapigaji watangoja, na kila angojaye atangoja kadiri ya dakika 6. Ukiweka watu 24, watakaongoja ni kama 3 katika kila 10, nao watangoja kadiri ya dakika moja na nusu. Tofauti ya kero na faraja ni watu watatu! Kwa hiyo foleni ya simu si mvua itokayo mbinguni. Huhesabiwa kabla haijatokea, na anayeiacha iwepo ameichagua.

Tena hesabu hiyo ina upande wa pili. Ikiwa nusu ya simu zile 200 ni za watu wanaorudia jambo lisilomalizwa jana, basi ukilimaliza jambo katika simu ya kwanza, simu zitakuwa 100, na kazi itakuwa ya watu 10. Kwa hiyo uwezo wa kutengeneza ni uwekevu pia. Ofisi isiyomaliza kazi hujizalishia kazi, kama mtu atekaye maji kwa ndoo iliyotoboka kisha akalalamika kwamba kisima ki mbali.

Tano, na la mwisho, hesabu zitangazwe kila mwezi ili wananchi wazione: simu ngapi zilifika, ngapi zilikatika kabla ya kupokewa, mambo mangapi yalikwisha, na mangapi yalirudiwa. Jihadhari, msomaji, na hesabu ya simu zilizopokewa peke yake. Mama yetu alipokewa mara mbili. Katika daftari ya namna hiyo angeandikwa kuwa amehudumiwa mara mbili. Kipimo cha haki ni swali moja tu: jambo limekwisha?

Huenda ukaniuliza, kijana, mambo haya yanakuhusuje wewe usiyelipa bado hata shilingi moja. Nitakujibu kwa habari ya mji wa mbali, ambako watu walijifunza somo hili kwa msiba. Mwezi wa Novemba mwaka 1935 nyumba moja iliwaka moto katika mtaa wa Wimpole, mjini London. Jirani alipiga simu kuita wazima moto, lakini simu yake ikawekwa katika foleni pamoja na simu nyinginezo, kwa kuwa wapokea simu hawakuwa na njia ya kutambua ipi ni ya moto na ipi ni ya maongezi ya kawaida. Wanawake watano walikufa. Jirani yule, aliyekuwa raia tu, asiye na cheo katika jambo hilo, aliandika barua gazetini akaeleza alivyongojeshwa. Uchunguzi ukafanywa, na tarehe 30 Juni 1937 ikaanzishwa nambari 999, ambayo wakati ule ilipopigwa iliwasha taa nyekundu na kulia mbele ya wapokea simu, ili yenye dharura itangulie.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba foleni isiyobagua dharura yaweza kuua. Simu ya bima nayo iwe na taa yake nyekundu: anayepiga akiwa dirishani mwa hospitali, mgonjwa amelala nyuma yake, asisimame pamoja na anayeuliza kiasi cha mchango wa mwaka ujao. Bora zaidi, karani wa hospitali awe na njia yake mwenyewe ya kuifikia bima, ili mzigo wa kupiga simu usiwekwe juu ya mtu aliyeshika mtoto anayelia. Mgonjwa haulizwi uji. Vipi basi aulizwe kazi ya ofisi?

La pili ndilo lako. Badiliko lile lilianza kwa mtu mmoja aliyekataa kunyamaza, naye alitumia kalamu. Wewe leo ndiwe unayemsomea nyanya yako ujumbe wa bima unaoingia katika simu yake. Wewe ndiwe unayebonyeza moja na mbili kwa niaba yake. Unapopiga simu ile, andika tarehe, saa, muda uliongoja, jina la aliyekujibu na neno alilokuahidi. Ukitendewa vema, shukuru, na umtaje mtu huyo kwa wakubwa wake. Ukitendewa ovyo, andika barua kwa Mamlaka, kwa mbunge wako au kwa gazeti, kwa lugha ya adabu na kwa hesabu zisizopingika. Malalamiko ya kijiweni hupotea pamoja na moshi wa chai. Maandishi hubaki mezani yakingoja jibu.

Na baada ya miaka michache baadhi yenu mtaketi upande wa pili wa simu, mkiwa wapokeaji, wahandisi au wakubwa wa ofisi. Siku hiyo simu italia, na sauti ya mama itasema, "Mwanangu ameanguka." Msimpeleke idara inayohusika. Idara inayohusika ni ninyi.